Dada wa Biharamulo Anayelia na Kagera Sugar: Ana Haki, Ila Kuna Sehemu Anakosea

Msimu wa 2024/25 umekwisha. Yanga wamebeba ubingwa wa nne mfululizo, dabi iliyoahirishwa Machi 8 ikaja kuchezwa Juni 25 na Mnyama akala mbili bila. Sasa hivi mtandaoni kazi ni moja tu: usajili. Ukifungua Instagram asubuhi unakuta posti ya "Thank You", mchana "Thank You", usiku mtu anatambulishwa na taa za rangi rangi kama harusi. Simba na Yanga, Simba na Yanga, mpaka basi.

Katikati ya kelele zote hizo kuna dada mmoja pale Biharamulo mjini. Anauza kava za simu, chaja na vocha karibu na stendi, jina lake libaki kwake. Yeye si Mnyama wala si Mwananchi. Chama lake ni Kagera Sugar. Ndiyo, umesoma vizuri. Kuna binadamu, kijana, mwenye bando, anayejitambulisha kuwa shabiki wa Kagera Sugar na hana chama lingine pembeni.

Na tangu timu yake ishuke daraja, status zake za WhatsApp zimekuwa gumzo kuliko bidhaa anazouza. Asubuhi anaweka bei ya earphone, jioni anaweka malalamiko. Washkaji wa bodaboda pale kijiweni wanampitia makusudi: "Dada, Wanankurukumbi wako wamefikia wapi?" Anawajibu, tena kwa kirefu. Mwingine akileta utani wa kushuka daraja wakati amekuja kununua chaja, anauziwa kwa bei kamili bila punguzo hata la jero.

Anachosema kina uzito, na kinastahili kusikilizwa na watu wengi zaidi ya waliohifadhi namba yake. Ila si chote.

Hoja yake kubwa ni kwamba Kagera Sugar imeshuka kizembe, hata mechi za mtoano haikufika. Kwa ambao huwa mnaangalia msimamo juu tu kwenye namba moja na mbili, chini kunakwenda hivi: timu 16, ya 15 na ya 16 zinashuka moja kwa moja bila mjadala. Ya 13 na ya 14 zinacheza zenyewe kwa zenyewe, mshindi anabaki, anayepoteza anapewa nafasi ya mwisho dhidi ya timu iliyotoka kwenye mtoano wa Championship. Msimu huu waliocheza huko ni Tanzania Prisons na Fountain Gate. Prisons wakapona, Fountain Gate wakaenda kukutana na Stand United ya Shinyanga, wakaitoa, wakabaki Ligi Kuu. Kagera Sugar na KenGold walikuwa wameshafungasha.

Dada huyu aliziangalia mechi hizo kwenye kibanda umiza kama mtu anayeangalia harusi ya ex wake. Anaamini Kagera ingepata ile nafasi ya 14 ingepona, kwa sababu kwenye mechi mbili za kufa na kupona timu yake huwa inaamka. Ushahidi wake ni 2019.

Hapa ndipo anapoanza kukosea, na inabidi twende polepole.

Msimu wa 2018/19 Kagera Sugar walifanya kitu cha ajabu sana. Waliifunga Simba nje ndani. Simba ile ile ya bingwa, iliyofika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka huo huo. Wakaifunga Kaitaba, wakaenda kuifunga Dar. Timu iliyochukua pointi zote sita kwa bingwa, ilimaliza wapi? Kwenye mtoano. Ikabidi icheze na Pamba ya Mwanza ili ibaki, na ikabaki. Bukoba wakafurahi kana kwamba ni ubingwa.

Hiyo ndiyo mechi ambayo dada anaikumbuka kama ushujaa. Lakini ukiitazama vizuri, ule ulikuwa mtihani wa marudio. Timu yenye uwezo wa kumfunga bingwa mara mbili halafu inashindwa kupata pointi za kutosha kwa timu za kawaida ina ugonjwa, na dawa yake si kupona kwenye mechi ya mwisho. Kupona kule kulifunika kidonda. Na angalia dunia inavyozunguka: Pamba, wale wale waliokwama mbele ya Kagera 2019, wakapanda 2024 wakiwa Pamba Jiji, wakabaki Ligi Kuu msimu huu huu ambao Kagera wameshuka. Aliyewanusuru ni Fred Felix Minziro. Minziro huyo huyo aliyekuwa kocha wa Kagera Sugar nusu ya pili ya msimu wa 2023/24.

Daah. Hilo la Minziro hata dada mwenyewe huwa halitaji. Linauma.

Kwenye suala la makocha yuko sahihi asilimia mia. Msimu mmoja, makocha watatu. Alianza Paul Nkata kutoka Uganda, hata hajakaa sawa akaondoka. Akaja Mmarekani, Melis Medo. Ligi ikiwa inaelekea ukingoni timu akaachiwa Juma Kaseja aokoe jahazi. Kila kocha ana mfumo wake, ana wachezaji anaowaamini, ana lugha yake ya mazoezini. Mchezaji anayebadilishiwa bosi mara tatu ndani ya miezi kumi hajui hata akae wapi kwenye kona. Ukweli ni kwamba hakuna timu ya ukubwa ule inayoweza kubeba mabadiliko ya namna hiyo na isiyumbe.

Na kumuona Kaseja ndiye anayeshuka na meli kulikuwa na uchungu wa aina yake, kwa mtu anayekumbuka Mei 19, 2018. Siku ile Simba walikuwa wanakabidhiwa kombe Uwanja wa Taifa, hawajapoteza mechi msimu mzima, Rais Magufuli yuko jukwaani. Kagera Sugar walikwenda pale kama wageni waalikwa wa sherehe. Dakika za mwisho Edward Christopher akafunga. Simba wakapata penalti, akaenda Okwi, na kipa wa Kagera, Kaseja, akaipangua. Moja bila. Sherehe ikaingia mchanga, na mgeni rasmi mwenyewe akawaambia Simba hadharani kuwa kiwango kile hakikumridhisha.

Kwa Biharamulo stori hiyo ina ladha ya ziada. Chato zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Biharamulo, na Magufuli aliingia bungeni 1995 kwa jimbo lililoitwa Biharamulo Mashariki. Kwa hiyo siku ile, ukitaka kuitazama hivyo, mtu wa huku alikuwa jukwaani na timu ya huku ilikuwa uwanjani. Dada alikuwa bado shule wakati huo. Anasema ndiyo siku aliyochagua chama.

Sasa tuje kwenye hiki kipindi cha mapumziko, maana hapa ndipo status zake zinapokuwa kali kweli kweli.

Yeye anataka usafi. Wachezaji wote wa mkopo warudi kwao, wote waliokuja kwa sababu wametemwa na timu za Dar waende zao, halafu timu ijazwe vijana wa mkoa: Ngara, Karagwe, Muleba, Biharamulo hapo hapo. Anasema kila Jumapili kwenye mechi za ndondo anaona watoto wanaokimbia kama swala, wanacheza kugombea mbuzi, halafu wakifika miaka 22 wanaishia kwenye bodaboda au wanakwenda kuchimba dhahabu. Anauliza skauti wa Kagera Sugar aliwahi kukanyaga Biharamulo lini. Na kwa nini mtoto wa Ngara akitaka kuonekana lazima apande basi mpaka Mwanza au Dar, wakati timu yenye jina la mkoa wake iko hapo juu tu kaskazini.

Swali zuri hilo. Hakuna anayelijibu, na ni zito kuliko la kocha, kwa sababu linagusa maisha ya watu ambao hawajawahi hata kuingia Kaitaba. Timu ya Ligi Kuu ndani ya mkoa ni mlango. Kijana wa miaka 17 aliyetoka UMISSETA na jina lake likasikika kidogo anahitaji mahali pa kupeleka miguu yake karibu na nyumbani, mahali ambapo mama yake anaweza kumpelekea nauli. Mlango wenyewe ulikuwa haufunguliwi sana, kweli. Sasa hivi hata fremu haipo.

Lakini wazo la kufukuza wote na kuingiza watoto watupu ni la hasira. Championship si ligi ya kitoto. Ni ligi ya viwanja vibovu, safari ndefu na mabeki wenye ndevu waliocheza kila timu nchi hii. Ukipeleka vijana 11 wa ndondo kule, mechi ya tano wameshavunjika moyo. Wanahitaji watu wazima wanne watano wa kuwashika mkono.

Mfano upo karibu, tena ni ndugu yao wa miwa. Mtibwa Sugar, mabingwa wa 1999 na 2000, walishuka 2024. Watu wakasema wamekwisha. Msimu mmoja tu, wamerudi, tena wakiongoza Championship. Mtibwa wana utamaduni wa kulea vijana wao wenyewe, lakini hawakwenda kule na watoto peke yao. Kiwanda hakikuwasusia na timu haikuvunjwa. Kama kuna kitu viongozi wa Kagera Sugar wanatakiwa kufanya kipindi hiki, ni kupiga simu Morogoro na kuuliza maswali kwa unyenyekevu.

Kwa sababu njia nyingine inajulikana, na Kanda ya Ziwa inaijua kuliko mtu yeyote. Hesabu tu. Toto Africans walishuka 2017. Stand United 2019. Mbao na Alliance, zote za Mwanza, 2020. Mwadui 2021. Biashara United ya Mara 2022, mwaka mmoja tu baada ya kushiriki Kombe la Shirikisho Afrika na kushindwa kusafiri kwenda Libya kucheza mechi yao. Geita Gold 2024, wakati misimu miwili nyuma walimaliza nafasi ya nne na kwenda Afrika. Sasa Kagera Sugar 2025. Kanda nzima, yenye watu wote hawa na mapenzi yote haya ya mpira, msimu wa 2025/26 imebaki na Pamba Jiji peke yake.

Ukiwatafuta hao walioshuka leo, wachache bado wanapigana na wengine huwezi kuwapata hata kwa tochi. Stand United imewachukua miaka sita kufika tena kwenye mlango, na mlango ukafungwa usoni na Fountain Gate. Sasa mtu akisema "tutarudi mwakani" kama vile anasema atarudi kutoka dukani, dada wa Biharamulo ana haki ya kumtazama kwa jicho baya.

Halafu kuna sehemu ya mwisho ya malalamiko yake. Wengi hawaipendi.

Anasema mkoa haukuwahi kuipenda timu hii. Anasema ametafuta jezi ya Kagera Sugar Biharamulo nzima akakosa, wakati za Simba na Yanga, orijino na feki, zimetundikwa mpaka kwenye duka la mbolea. Anasema Kaitaba ilikuwa inajaa mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili imejaa watu wa mgeni. Mtu amezaliwa Bukoba, amekulia Bukoba, anakula senene za Bukoba, halafu timu ya kwao ikifunga goli ananuna.

Wanaomjibu kijiweni wanasema mapenzi hayalazimishwi. Ni kweli hayalazimishwi. Lakini tazama vilio vya mwezi huu: wanaolia zaidi kuhusu Kagera Sugar kushuka ni mashabiki wa Simba na Yanga wa mkoa huo huo, na wanacholilia ni kwamba timu zao hazitakuja tena Kaitaba kwenye ligi. Wanalilia mgeni, aliyefiwa hawamtazami. Wenye gesti na wenye boda za Bukoba angalau wana sababu ya kueleweka. Siku Simba au Yanga wakicheza pale mji ulikuwa unaingiza hela, na hiyo hela sasa haipo.

Hapo yuko sahihi, ila anawaonea mashabiki kwa jambo moja. Timu hii ni ya kiwanda. Kiwanda kiko Missenyi, ndicho kinacholipa, ndicho kinachoamua. Shabiki hana kadi ya uanachama, hana mkutano mkuu wa kupigia kelele, hana kiongozi wa kumtoa kwa kura. Simba na Yanga pamoja na vurugu zao zote, shabiki wa Biharamulo anaweza kuwa na kadi, akajiona ana sehemu. Kwa Kagera Sugar anaombwa aipende timu ambayo haijawahi kumuuliza chochote. Kumlaumu mtu kwa kutopenda kitu ambacho hakijawahi kuja mtaani kwake ni kumuonea. Miaka 20 Ligi Kuu, ni mara ngapi timu ile ilishuka kusini kuja kucheza hata mechi ya kirafiki kipindi kama hiki? Jezi zingeuzwa wapi kama hazijaletwa?

Kwa hiyo kipindi hiki cha mapumziko kingekuwa na maana kweli kama kungekuwa na kitu tofauti na zile posti za kuaga. Hauhitajiki uwekezaji wa mabilioni. Wiki moja ya kambi Biharamulo na Ngara, mechi mbili na kombaini za wilaya, watoto waje waonekane, jezi ziuzwe pale pale uwanjani. Kuna klabu zinalipia matangazo ya gharama kutafuta mashabiki, wakati hapa kuna mkoa mzima umekaa bila kuulizwa.

Dada alipoambiwa wazo kama hilo na mteja mmoja, mzee wa makamo, alimjibu kwa heshima: "Waitu mzee, wakija mimi nafunga duka." Mzee akacheka, akanunua vocha ya buku akaondoka. Ni Yanga damu, lakini siku hiyo alikuwa mpole.

Kuna jambo moja ambalo halijaguswa sana, na huenda ndilo linalombeba dada huyu wakati huu. Championship ya msimu wa 2025/26 ina Geita Gold. Kutoka Biharamulo, kwenda Geita kupitia Bwanga si safari ya kutisha, kwa wengi ni rahisi kuliko kupanda mpaka Bukoba. Kipindi timu yake iko Ligi Kuu aliweza kuiona live mara moja tu. Sasa imeshuka, na huenda akaiona mara mbili kwa msimu, Kaitaba na Geita. Ameshaanza kuwashawishi watu wa kuchangia gari, na mpaka wiki iliyopita alikuwa amepata wanne. Wawili ni Simba, mmoja Yanga, wa nne hajali mpira kabisa, anataka tu kwenda Geita kuangalia simu za mtumba.